Dawati la Waswahili

Siku ya kwanza kazini, diregiteri, mkuu wa shule ya Muhima, hakuniuliza cheti. Sikuwa nacho, niliishia darasa la tatu. Alinionyesha rundo la madawati mabovu nyuma ya jiko. "Fundi, tengeneza. Likivunjika tena nitakuita wewe, sitamwita mtoto." Miaka tisa nilifanya kazi kwa sheria hiyo. Ubao mmoja unauchonga ulimi, mwingine unautoboa tundu, ulimi unaingia kwa kubana, gundi kidogo, basi. Msumari ni wa mvivu.

Baadaye nikahamia shule moja Remera, chini ya diregiteri mwenye haraka. "Mzee, madawati arobaini kabla ya muhula." Mbao zikaja mbichi, ukipiga randa zinatoa maji. Mbao mbichi ikikauka husinyaa. Nilijua. Nikanyamaza, nikatengeneza.

Ninyi vijana mnalijua neno hili. Hapa Kigali mtu akikuita "umuswahili", mara nyingi hasemi juu ya lugha. Anasema wewe mjanja, mwongo, mtu wa maneno. Mimi ni Muswahili wa kuzaliwa, nimelimeza neno hilo tangu utoto. Pale Remera, mwalimu wa hesabu wa darasa la sita aliwakalisha watoto watatu wa familia zetu kwenye dawati la nyuma kabisa, akaliita dawati la Waswahili. Saidi alilikubali jina: akiulizwa swali anajibu upuuzi, darasa linacheka, anafeli. Wa pili alinyamaza, hata kikohozi chake hukisikii. Wa tatu, Zaina, alimaliza hesabu kabla mwalimu hajafuta ubao, na hakuna aliyemsahihishia.

Wiki tatu kabla ya mtihani wa taifa, dawati lile, mojawapo ya yale arobaini, likaanguka. Mwalimu akamshtaki Zaina: amelivunja kusudi, afukuzwe. Diregiteri akampa mpaka kesho yake ajieleze. Mchana Zaina akanijia karakana.

"Mzee, sikulivunja."

"Najua, binti yangu. Kesho nitakuombea msamaha."

"Msamaha wa nini? Nataka kujua limeanguka vipi. Nifundishe."

Niliona aibu. Nikalipindua dawati, nikamwonyesha kila kitu, akanirudisha nyuma mara mbili mpaka akashika.

Kesho yake ofisini mwalimu alianza yeye. "Diregiteri, unawajua hawa. Waswahili wana ulimi mrefu."

Zaina akainua mguu wa dawati. "Ulimi wa hapa ni mfupi, mwalimu. Mbao ilikuwa mbichi, ikasinyaa, ikachomoka kwenye tundu. Tazama, hakuna palipovunjika."

"Nani amekufundisha uongo huo?"

Wakanigeukia. Kazi yangu ilikuwa hatarini, na kwa umri wangu nani angeniajiri tena?

"Mimi," nikasema. "Na si uongo. Nilitengeneza vibaya. Yale thelathini na tisa mengine yataanguka pia."

"Kwa nini hukusema?" diregiteri akauliza.

"Wewe ulitaka haraka. Mimi niliogopa."

Diregiteri akasema, "Yarudie yote. Mtoto arudi darasani."

Mwalimu hakuomba radhi. Darasani alimwonyesha Zaina dawati la nyuma kwa kidole. Zaina akaenda safu ya mbele, akakaa, akafungua daftari. Mwalimu akasimama na chaki mkononi, darasa zima likimwangalia, mwishowe akageukia ubao akaandika. Mtihani Zaina aliufanya, akafaulu. Saidi hakufika hata siku ya mtihani.

Sasa nimestaafu. Madawati yangu siyaonei haya, hata yale mabaya, maana niliyarudia moja moja. Aibu niliyonayo ni ya mwaka mzima niliopita mlangoni mwa darasa lile nimebeba randa, nikiona watoto watatu kule nyuma, nikisema hayo ni mambo ya walimu. Wewe ukipata kazi shuleni, hata ya kufagia, ukaona hivyo, ingia kwa diregiteri siku hiyohiyo. Mimi nilifungua mdomo baada ya dawati kuanguka, na Saidi alikuwa ameshaanguka kabla yake.