Ufa Katika Injini ya Khatibu

Khatibu hakuwa mtu wa kutulia. Alitoka Ujiji akiwa utingo wa malori, akaishia Kasulu na Landrova yake mwenyewe, na hata nyumbani mkewe Tunu alizoea kumwona akila amesimama mlangoni, funguo za gari mkononi.

Kiangazi cha mwaka 1996 gari lilianza kunywa maji. Chini hapakudondoka hata tone, ila asubuhi lilitoa moshi mweupe, na jioni rejeta ilikuwa tupu.

"Baba Faudhia, haya maji yanakwenda wapi?" Tunu aliuliza.

"Ni jua tu hili," alijibu, akijaza dumu jingine. Lakini usingizi ulimpaa.

Siku moja, akitoka Titye na magunia ya maharage, injini iliishiwa nguvu mlimani. Akafunua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Maji yalikuwa yameingia ndani.

Gari lilivutwa hadi kwa fundi Evaristi, mjini Kasulu. Khatibu aliomba Mungu iwe gasketi tu, ile karatasi ngumu ya kuzibia kati ya kichwa cha injini na bloku, imeungua. Evaristi alifungua kichwa cha injini, akaiinua gasketi: nzima. Akausugua uso wa bloku, ule mwili wa chuma wenye silinda, akaupaka mafuta ya taa, akaufuta ukauka, kisha akaunyunyizia unga wa chaki.

"Sasa tungoje. Penye ufa, mafuta yatatoka na kulowesha chaki."

Kungoja! Khatibu alienda barabarani, akarudi, akaenda tena. Alipoinama mara ya tatu, mstari mwembamba kama unywele ulikuwa umelowa katikati ya ule weupe, kutoka ukingo wa silinda hadi tundu la maji.

"Uliwahi kulimwagia maji baridi likiwa limechemka?"

"Nilikuwa na abiria, fundi. Walikuwa na haraka."

"Wao, au wewe?"

Khatibu akauelekezea kidole ule mstari. "Tuzibe kwa gundi ya chuma."

"Hapa ndipo moto na maji vinapopakana. Gundi itashika hapa uwanjani. Mlima wa kwanza itaachia. Tafuta bloku nyingine."

Akadandia lori hadi Kibondo, kwa Ndihokubwayo, mkulima ambaye Landrova yake ilipinduka injini ikabaki salama. Safari hii Khatibu hakukubali kufungashiwa bloku upesi aondoke nayo. Alidai mafuta ya taa na chaki, akachuchumaa hapo hapo, akijizuia kuinuka. Chaki ilibaki nyeupe.

Evaristi alipomaliza kuifunga, injini iliunguruma vizuri. Hata hivyo, safari ya kwanza Khatibu alisimama kila kilima, akiacha ipoe, sikio kwenye boneti.

"Dawe we!" alilalamika Esteri, mama mmoja mwenye kikapu cha kuku. "Dereva, tunakwenda Kibondo au tunauguza gari?"

"Vyote viwili, mama," alisema Khatibu, akarukia usukani.