Majani Matatu ya Springi

Pale Iyunga, nyuma ya maduka yanayotazama barabara kuu, ukiuliza gari gumu kuliko yote utaonyeshwa pikapu ya Aroni. Wala usidhani ni sifa. Ugumu ule Aroni aliutia mwenyewe, kwa mikono yake miwili, na kwa miaka mingi alikuwa akitamba nao.

Kazi yake ni kubeba mpunga. Kila mavuno hushuka Madibira, hupakia magunia mpaka turubai linakataa kufunga, kisha huyapeleka Igawa kwenye mashine za kukoboa au huyafikisha Mbeya mjini. Gari laini haliwezi kazi hiyo. Springi za nyuma za pikapu ni vyuma bapa vilivyolazwa kimoja juu ya kingine, mafundi huviita majani, na wabeba mpunga wote wa kule wana dawa moja tu: ongeza majani. Aroni aliongeza matatu, aliyoyang'oa kwenye lori bovu, mazito hasa. Shokapu zilipokufa akazitoa akazitupa, maana kwa majani yale shokapu za nini tena? Basi hata upakie nini, mkia hauinami. Ila ikiwa tupu, we! Inaruka utadhani imekanyaga moto. Mkewe Faustina alikuwa akicheka, akisema kila akipanda humo anashuka amepungua kimo.

Kicheko hicho kilikoma mwaka huu. Mgongo ulianza kumsumbua wakati wa palizi, wakadhani ni kuinama shambani, wakapaka dawa ya kuchua. Walipofika hospitali waliambiwa ugonjwa umeshaingia kwenye mifupa ya uti wa mgongo, tena umeingia siku nyingi. Wakampa dawa za maumivu, wakamwambia Aroni, kwa upole ule wa watu waliozoea, kwamba amchukue mgonjwa wake akae naye nyumbani.

Akamchukua kwa pikapu ile ile, amelazwa nyuma juu ya godoro. Kutoka mjini kurudi Iyunga kuna matuta, na kwenye kila tuta Faustina alitoa ukelele ambao Aroni hakuwahi kuusikia kwake, hata siku alipokuwa akijifungua. Kwenye tuta la mwisho hakupiga kelele. Aroni alishukuru Mungu, akadhani maumivu yamepungua. Kumbe mkewe alikuwa amezimia.

Alipopata nguvu za kusema, Faustina aliomba jambo moja.

"Baba Mercy, nipeleke nikamwone mama."

Alimwita hivyo kwa jina la binti yao, aliyeolewa Sumbawanga. Na mama aliyemtaja yuko kijijini, ndani kidogo kutoka Ifunda, mkoani Iringa, kijiji kile kile alichotoka Aroni. Ni bibi ambaye miguu imeshamkatalia hata kufika kanisani, sembuse kupanda basi mpaka Mbeya. Faustina naye basi hawezi, kwa sababu hawezi kuketi. Hakuomba kupona, hilo alishalimaliza na Mungu wake. Aliomba kumwona mama yake, basi.

Jirani yao Bushiri, muuza spea kuukuu ambaye babu yake alikuja bara kufanya biashara na Kiswahili chake bado ni cha pwani, alileta njia. Mpwa wake yuko Uyole, ana Noah ambayo viti vyake vinalala na springi zake ni laini, na Ijumaa atakuwa na nafasi. Mgonjwa atafika hata hajui amefikaje. Aroni akakataa. Alisema mkewe hawezi kwenda kwao kwa gari la kuazima, wakati mlango wao una gari. Bushiri akambembeleza, akasema jirani, hapa hatushindani. Wapi! Kichwa cha Aroni ukikigonga kinatoa mlio wa jiwe. Na chini ya ukaidi huo kulikuwa na kitu ambacho hakumwambia mtu: zile kelele za kwenye matuta zilikuwa zake. Yeye ndiye aliyelifanya gari liwe hivyo. Aliona kwamba asipolilainisha kwa mikono ile ile, atazisikia kelele zile mpaka kaburini.

Gereji walimcheka. Gari la mpunga unalilegeza, mzee, si unaliua? Akaondoka hapo, akalipandisha nyumbani uani, kwa jeki na matofali na magogo mawili ya mkaratusi.

Ile haikuwa kazi, ilikuwa adhabu. Nati zilikuwa zimeshikana na kutu, hazijaguswa tangu siku alipozikaza. Alizilowesha kwa mafuta ya taa, akasubiri, akapiga nyundo, akasubiri tena. Kila pigo lilipita ukutani likamfikia mgonjwa. Tekla, dada yake Faustina aliyekuja kumuuguza, akatoka nje na kumwambia kwa sauti ndogo kwamba shemeji, unampigia kichwani. Aroni akavua shati, akaizungushia nyundo, akaendelea kifua wazi katika baridi ile ya Mbeya inayokuuma mpaka kwenye meno.

Jioni alikuwa akimpigia simu mama mkwe. Bibi haelezwi habari za uti wa mgongo kwenye simu, kwa hiyo walipomaliza salamu zao za kamwene, Aroni alimwambia kuwa wanakuja, ila gari imeumwa kidogo.

"Ikipona mnakuja?" bibi akauliza.

"Ikipona tunakuja, mama."

Akawa anauliza hivyo kila jioni.

Majani matatu yakatoka. Aroni aliyabeba kwa kuyakumbatia, akayatupa nyuma ya jiko, akayatemea mate. Bushiri akampa shokapu za mtumba zilizo na uhai, wala hakutaka kusikia habari ya malipo. Siku ya kujaribu, Aroni alitandika lile godoro nyuma ya pikapu, akalala yeye mwenyewe mahali pa mkewe, akamwomba Bushiri aendeshe juu ya matuta. Watu wa dukani walimwona mtu mzima amelala chali kwenye pikapu anatazama mawingu, wakadhani kachanganyikiwa.

Tuta la kwanza likampiga mgongoni mpaka pumzi ikakatika. La pili vilevile. Aroni akagonga bati gari lisimame, akashuka, akaketi chini vumbini.

Bushiri aliinama akachungulia uvunguni, kisha akamuuliza taratibu kama zile bolti za mwisho wa springi alizikaza magurudumu yakiwa hewani. Aroni akasema ndiyo, tunakaza hivyo siku zote. Na ni kweli, wabeba mpunga wote hukaza hivyo, gari likiwa bado juu ya jeki, maana wao hawatafuti ulaini. Mpira wa bushi, ule unaozunguka bolti, ukibanwa hewani, gari likishuka chini mpira unajikunja na kugoma, springi inakuwa kama imefungwa kamba. Kwa magunia si neno. Magunia hayalii. Ni mazoea ya mkono tu, mkono wa miaka yote hiyo, ulikaza bila hata kumuuliza mwenyewe.

Ikabidi kufungua upya. Bolti moja ikakatikia ndani, na ya saizi ile haikupatikana Iyunga wala mjini, mpaka Bushiri alipoagiza kwa watu wake Makambako. Wakati wanaisubiri Ijumaa ikaja ikapita, na Noah ya Uyole ikapata abiria wa Dar es Salaam ikaenda zake. Ndani ya nyumba Faustina aliacha kula ugali, akaacha uji, akabaki na maji ya kijiko. Aroni alikuwa akiingia, mikono imejaa grisi, anasimama mlangoni anaogopa kumgusa. Halafu anatoka tena, anakwenda kulitazama gari ambalo halina cha kutazamwa. Maji yalikuwa yamemfika shingoni na alijua. Alijua pia kwamba Noah ingekuwa imeshamfikisha. Wazo hilo lilikuwa likimjia akiwa na spana mkononi, anaiweka spana chini, analia, anafuta uso, anaishika tena.

Bolti ilifika. Safari hii aliishusha pikapu kwanza, ikasimama kwa miguu yake, ndipo akaingia chini kwa tumbo na kukaza. Jioni hiyo hiyo akalala tena kwenye godoro, Bushiri akaendesha. Tuta lilipita chini yake likamnyanyua kidogo, likamlaza. Hakuna zaidi. Walipofika tuta la mwisho, lile ambalo mkewe alinyamaza, Aroni alijiziba uso kwa mikono na kulia kwa sauti, na safari hii ilikuwa furaha.

Aliingia chumbani hata viatu hakuvua. Faustina alikuwa macho.

"Nimekusikia ukirudi," akasema. "Leo haikupiga kelele."

"Imelainika, mama Mercy. Kesho asubuhi tunaondoka. Hutasikia kitu."

Faustina akamwomba Tekla ampigie pasi kitenge chake cha kijani, kile alichopewa na mama yake. Kikapigwa pasi, kikawekwa juu ya begi. Alfajiri Tekla alipoleta maji ya kumnawisha kwa safari, alimkuta ameshaondoka peke yake.

Mengine yalikwenda kama yanavyokwenda siku zote. Ndugu waliamua azikwe kijijini, kwenye boma la kina Aroni, ng'ambo tu ya uwanja wa mama yake Faustina. Mercy alifika kutoka Sumbawanga. Kanisa likatafuta Kosta ya waombolezaji, na jeneza likawekwa kwenye pikapu ya mume, kama ilivyo heshima. Likafuatiwa na magunia ya mchele wa msibani, sufuria, maturubai, na akina mama wa kwaya waliotaka kukaa kando ya mwenzao. Pikapu ikainama. Ikazidi kuinama, mpaka bodi ikalala juu ya matairi, na walipojaribu kuisogeza mpira ukanuka moshi.

Mzee wa kanisa, Benjamini, akatikisa kichwa. Alisema kwa namna hiyo hawavuki hata Igawa.

Watu wakamtazama Aroni. Alisimama kidogo, amevaa suti yake nyeusi ya harusini. Halafu akaenda nyuma ya jiko, akarudi amekumbatia majani matatu ya springi. Akina mama wakashuka, mizigo ikashushwa, jeneza likawekwa juu ya benchi mbili. Aroni akavua koti akampa binti yake, akaweka jeki, akaingia uvunguni. Bushiri alitaka kumtoa afanye yeye, lakini aliponong'onezwa neno huko chini aliacha, akapiga magoti akawa anampa spana. Kwaya ikaimba kwa sauti ya chini. Kila mtu pale alisikia nyundo, na safari hii hakuna aliyemwambia apige polepole.

Alikaza bolti magurudumu yakiwa hewani, kama wanavyokaza wabeba mpunga.

Njiani gari lilikuwa gumu kama zamani. Aroni aliendesha mwenyewe, akakataa kupokewa usukani. Kila alipofika kwenye tuta alipunguza mwendo mpaka karibu kusimama, akalipanda kwa gurudumu moja moja, malori yakimpigia honi nyuma, naye akisema pole, mama Mercy. Pale Iyunga alisema pole. Igawa akasema pole. Makambako, Mafinga, kote, pole, mpaka sauti ikamkauka na ikabaki midomo tu.

Kijijini walikuwa wamemtoa bibi nje, wamemkalisha kwenye mkeka karibu na barabara. Macho yake hayaoni mbali, lakini mlio wa pikapu ile anaujua miaka yote. Aroni alishuka, akaenda akapiga magoti mbele yake na mikono yake yenye grisi. Bibi alimpapasa kichwa, akawa kama mtu anayeendeleza mazungumzo ya jana kwenye simu.

"Gari imepona, mwanangu?"

"Imepona, mama," Aroni akasema.