Sigara niliyovutishwa kwenye kizuizi cha barabarani Ruiru, wakati wa Emergency

Wakuu, habari zenu. Mzee wenu huwa nasoma tu na kucheka peke yangu. Leo naandika. Yote ni kweli, na pale nitakapoongeza chumvi mtaionja wenyewe.

Miaka ya hamsini nilikuwa kijana Thika. Mchana stoo ya kiwanda, jioni night school.

Na sigara nilivuta, wakuu. Moshi wangu ungeweza kuficha mlima wote wa Kilimambogo.

Daktari alinionya kwamba kifua kinaharibika. Niliacha mara mia, nikarudi mara mia na moja.

Halafu ikaja Emergency, ile hali ya hatari ya mkoloni. Watu wa msituni, waliokuwa wakipigana na mzungu, wakapiga sigara marufuku, eti pesa yake inamlisha mzungu. Ukionekana nayo, unatembelewa.

Jirani yetu mmoja alitembelewa. Hiyo sitaeleza.

Niliacha jioni ile ile. Plot nzima, vyumba vyote vya kupanga pale kwetu, iliacha. Hakuna wa kumwomba kiberiti, hakuna moshi wa kukutamanisha. Kifua kikafunguka, kanisani nikaimba mpaka mabati yakaitikia.

Sasa siku moja nikaenda Ruiru kumwona dada yangu aliyefanya kazi shamba la kahawa. Kwenye kizuizi tukapangwa mstari na homugadi, wale walinzi wa serikali. Mmoja alikuwa na paketi wazi mkononi. Kipimo chao kilikuwa rahisi: anayekataa sigara amekula kiapo cha watu wa msituni.

Nyuma yangu alisimama Mama Wambui, muuza viazi wa plot yetu.

Nikikataa, ni kufungwa kambini. Nikivuta, habari itafika Thika kabla yangu.

"Vuta, mwalimu," akasema homugadi. Aliona kitabu changu cha night school kwapani.

Nilitetemeka, nadhani kahawa ilianguka mitini. Nikavuta.

Kifua kilikuwa kimeshasahau moshi. Nilikohoa machozi yakanitoka, kisha nikamtapikia yule homugadi viatuni. Wakaruka nyuma wakidhani ni TB, wakanifukuza nipite haraka.

Nikarudi Thika nikiogopa kila anayebisha mlango. Aliyekuja ni Mama Wambui. Nikamuuliza aliona nini Ruiru.

"Niliona mtoto wa watu akikohoa," akasema. "Sasa pumua ninuse."

Maana hamu ya sigara ilikuwa imeamka, wakuu, na huyo mama alijua.

Nikapumua. Akanusa.

"Leo ni sawa. Lakini nikinusa moshi, nitayakumbuka ya Ruiru vizuri zaidi."

Kutoka hapo nilipumua mbele yake kila asubuhi kabla ya kazi, kama mtu anayeonyesha askari passbook, kile kibali cha kutembea.

Emergency ikaisha, sigara zikajaa dukani, plot yote ikarudia. Hofu ikitoka, tabia inarudi, hiyo nimeiona kwa macho. Mimi nilibaki bila kuvuta, kwa sababu Mama Wambui hakuambiwa kwamba Emergency imeisha. Ama aliambiwa, akakataa. Aliendelea kuninusa mpaka nikaoa, kisha akamfundisha mke wangu.

Somo langu: daktari alisema ukweli, lakini nilirudi nao nyumbani peke yangu. Tafuta mtu wa kukaa karibu nawe, na asiwe wa kukutisha kama nilivyotishwa mimi.

Wewe uliyeacha kitu, nani alikuwa anakunusa? Niambieni hapo chini.