Sauti Isiyobandikwa

Joviale Cibalonza alikuwa na ugomvi na mji mzima wa Goma, na ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya sauti. Kwetu bendi ikipigwa video, wanamuziki huchezesha midomo tu huku wimbo wa studio ukilia kwenye spika. Kisha fundi huubandika wimbo ule juu ya picha, na kila mtu huridhika. Joviale hakuridhika. "Ni kama kupiga bibi-arusi picha, kisha unabandika juu uso ya dada yake," alizoea kusema, na watu wakamcheka.

Alikuwa binti wa karani aliyehamia hapa kutoka Bukavu. Alisomea umeme, na riziki yake aliipata mtaa wa Himbi, akirekodi matangazo ya mashirika: nawa mikono, chemsha maji, peleka mtoto kwenye chanjo. Kazi ya heshima, lakini moyo wake haukuwa pale. Wageni huja na mashine zao kila mwaka kunasa sauti za mji huu, na kila mara wanachoondoka nacho ni kilio. Nani, aliuliza, atanasa tunavyoimba? Na kama sisi wenyewe tunaificha sauti yetu chini ya ile ya studio, tutamlaumu nani?

Ndipo bendi moja ndogo ya mtaa wa Keshero ikapata bahati. Tamasha la ng'ambo lilitaka video yao kwa sharti moja: muziki uwe umepigwa mbele ya watu, na sauti iwe ya saa ileile. Modeste, mpiga gitaa na kiongozi wa bendi, alitaka njia ya mkato.

"Tubandike tu ya studio. Nani atajua?"

"Mutu yeyote mwenye masikio," Joviale akajibu. "Na weye, papa Modeste, ile ya studio unaipenda?"

Mwimbaji wao, Mama Laurence, muuza viazi mwenye asili ya Butembo, alikuwa na sauti ya kumwinua mtu kitini. Lakini kuimba alijifunzia shambani, ambako mmoja huanza na wengine humwitikia. Studio walipomfungia peke yake na mikro ya kunasia sauti, sauti ililala kama ugali wa jana. "Miye siwezi kuimbia ukuta," alisema, akachukua mfuko wake akaenda zake sokoni.

"Sawa," Modeste akasema mwishowe. "Jumapili tunapiga mbele ya batu. Ikiharibika, napeleka ya studio, na usinisemeshe tena mambo ya live."

Jumapili mchana Joviale aliutawala uwanja wa nyumba ambamo bendi ingepiga kama mama mwenye harusi. Jenereta aliihamishia nyuma ya ukuta wa jirani, ukuta mnene wa mawe ya volkano. Kuta za uwanja, zilizokuwa zikirudisha kila neno, alizivika mablanketi. Hakutegemea waya wa spika peke yake, maana ngoma hazikupita humo; alisimamisha mikro mbili juu ya vijiti, moja kwa ngoma, moja kwa watu. Na kwa kuwa Mama Laurence hucheza anapoimba, na akishika mikro huizungusha kama mwiko, Joviale alimfichia mikro ndogo chini ya kilemba, pembeni mwa paji la uso. Akapiga kofi moja mbele ya kamera ya Evariste, mpiga video, ili picha na sauti zijue mahali pa kukutana, akawasha mashine yake ya kurekodi, akavaa kaske za kusikilizia masikioni.

Wimbo wa kwanza ukaanza. Lo, sauti ile! Ilikuwa karibu naye kama mtu anayemnong'oneza. Kisha watu wakaanza kuinuka.

Mwimbaji akikugusa moyo, kwetu hukai. Unacheza hadi mbele yake na kumbandika noti kwenye paji la uso. Joviale mwenyewe alikuwa amefanya hivyo kwenye harusi zisizo na idadi. Alifikiria upepo, jenereta na mwangwi, akasahau jambo ambalo kila mtoto wa Goma analijua. Tena tangu benki zifungwe, noti mpya haziji; zetu zimechakaa, zimeungwa kwa skochi. Kila moja iliyogusa paji lile ililia ndani ya kaske kama samaki wadogo wa sambaza wanaotupwa kwenye mafuta ya moto. Sauti ya Mama Laurence ikazama humo.

Wimbo ulipoisha, alimkimbilia Modeste.

"Noti zinakula sauti."

"Basi tuwaambie wakae."

"Wakikaa," Mama Laurence akasema huku akijipangusa jasho, "na miye nakaa."

Na haikuwa kiburi. Ilikuwa kweli tupu. Mikro haikuweza kushushwa kifuani pia, maana huko kulikuwa na shanga za kulia kila anapotikisika. Wimbo uliofuata ndio uliochaguliwa kupelekwa, na mpiga ngoma alikuwa amekwisha kuinua vijiti.

Joviale akaiteremsha sauti ya mashine kidogo, vigelegele visije vikaipasua. Akavua kaske. Akachukua kitenge alichokuwa amefunikia mizigo yake, akaenda mbele.

Hakujua kucheza, na alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Lakini alicheza. Alikitandika kitenge miguuni mwa Mama Laurence, akainama, akaweka noti yake juu ya kitambaa taratibu, akarudi nyuma akiwa bado anacheza. Watu wakatazamana. Kisha bibi mmoja wa jirani, Mukamugema, akasogea, naye akainama. Nyuma yake wengine wakapanga mstari. Noti zikaangukia kitambaani kimya, na watu wakawa wanaitikia wimbo huku wameinama. Mama Laurence, alipoona mtaa mzima umeinama mbele yake, alitoa sauti ambayo hata Modeste hakuwahi kuisikia.

Lakini hakuna aliyekuwa ameichunga mashine. Wimbo ulipokwisha Joviale alirudi mbio, akavaa kaske, akafumba macho. Kisha akamvalisha Modeste.

Modeste alisikiliza mpaka mwisho. "Ya studio," akasema, "nitaifuta leo."

Mama Laurence naye akasikiliza. "Huyu njo miye," akasema. "Na hawa njo batu yangu."

Hapo Evariste akageuza kamera awaonyeshe picha. Katikati kabisa alikuwepo Joviale, akicheza kama mtu aliyekanyaga makaa.

"Unikate pale," Joviale akasema.

"Nikikukata, nakata na sauti ya mama. Ao nibandike kitu juu?"

Walicheka hadi Mukamugema akarudi kuuliza kuna nini.

Video ilikwenda vile ilivyokuwa. Tamasha likaikubali, likataka majina ya wanabendi wote, pamoja na lile la mchezaji wao. Modeste akaandika: Joviale Cibalonza. Akafikiri kidogo, akafuta neno mchezaji, akaandika mahali pake: sauti.