Isale la Mshindi

Juzi nilimwona kwenye televisheni diwani aliyeshindwa akiapa kwamba hatoki kitini, nikamkumbuka baba.

Baba alikuwa mjumbe wa baraza letu huku mlimani, mpaka siku watu walipojipanga nyuma ya wagombea wawili, na mstari wa Mzee Ndesario ukawa mrefu kuliko wake. Alasiri moja baadaye, mvua imekatika na migomba inanukia udongo, Mzee Ndesario aliingia uani kwetu ameshika jani la isale.

Mimi nililijua isale la mpakani tu, lile linalopandwa kutenganisha kihamba na kihamba, shamba la huyu na la yule. Nikadhani mshindi amekuja kujipimia shamba letu. Nilikimbilia jikoni, kwenye moshi, nikamwambia mama afunge vyombo.

"Vya nini?"

"Tunahamishwa."

Mama alinishika bega, akanirudisha mlangoni nisikilize.

"Ndugu yangu," Mzee Ndesario alikuwa akisema, "nilipoomba kuchaguliwa nilikuita mwizi mbele ya watu. Nimekosa."

Nilimsikia ng'ombe akicheua. Kisha baba akanyoosha mkono akalipokea jani, maana anayeomba msamaha kwa isale hakataliwi.

"Mama Ndeshi," akaita, "tuletee kibuyu cha mbege, tunywe."

Uchaguzi uliofuata baba aligombea tena, akashindwa tena. Safari hiyo mwenye matusi alikuwa yeye. Nilimwona ameinama mpakani mwa kihamba chetu, akilikata isale polepole, kama mtu anayetumaini kisu kitakataa.