Bibi Aliyekuja kwa Kuzunguka

Miaka ile ya kupanga foleni ya sabuni, bibi yangu alipasuliwa tumbo hospitalini Musoma. Mjomba ndiye aliyempeleka. Alimwacha bado hajazinduka na dawa ya usingizi, akarudi kwetu Kiriba kutafuta shuka na sabuni, maana hospitali haikuwa navyo. Kesho yake mtu wa baiskeli akamletea mjomba kikaratasi kutoka kwa daktari, mgeni asiyejua Kiswahili hata cha kusalimia.

Nilikuwa kidato cha pili, niko likizo, na nyumba nzima hakuna mwingine aliyesoma Kiingereza. Nikapewa kiti. Kikaratasi kilisema: "Your mother has come round. Bring food and clothes."

"Come" nilijua ni kuja. "Round" nilijua ni mviringo. Nikafikiri kidogo, nikatangaza, "Bibi anakuja. Ila anakuja kwa kuzunguka."

"Anazungukia wapi?" mjomba akauliza.

Hilo halikuandikwa, lakini sikutaka kushindwa mbele ya watu. "Bunda," nikasema. "Tumpelekee chakula na nguo."

Hakuna aliyeshangaa. Dizeli ilikuwa shida, na mtu alipandaga lori lolote alilopata, hata likienda kinyume. Mjomba akabeba uji kwenye chupa, gauni na shuka, akaenda Bunda. Alikaa stendi siku mbili akichungulia kila lori la pamba. Uji ukachacha, akaunywa mwenyewe. Mwishowe dereva mmoja akamhurumia, akampeleka Musoma.

Alimkuta bibi ameketi kitandani, amejifunga kanga ya mgonjwa wa jirani, anakunywa mchuzi wa sato wa jirani huyohuyo.

"Ulikuwa wapi?"

"Bunda, mama. Nilikuwa nakusubiri."

"Ningefikaje Bunda na nyuzi tumboni?"

Shule zilipofunguliwa nilimwuliza mwalimu wa Kiingereza. Alicheka mpaka akakalia meza. Kumbe "come round" ni kuzinduka. Akanieleza kwamba Waingereza wakibandika kijineno mkiani mwa kitenzi, maana uliyoizoea inapotea: "give up" si kutoa juu, ni kukata tamaa, "look after" si kutazama baadaye, ni kutunza. Nikavikariri vyote kwa hofu.

Nyumbani haikunisaidia. Tangu hapo bibi alipelekaga barua zake za hospitali kwa katekista, ambaye Kiingereza chake kiliishia "good morning".

"Yule," alisema, "asipojua ananyamaza."