Farasi Aliyejua Nani Kafeli

Marehemu alikuwa na wiki tatu tu kaburini, na tayari dada yake alikuwa amekwisha kumgeuza mtu mwingine kabisa. Kwenye karatasi aliyoiandaa, kaka yake alizaliwa, akasoma, akafundisha hesabu miaka thelathini na mmoja, akastaafu kwa heshima. Basi.

Binti wa marehemu aliisoma, kisha akaigeuza nyuma kuona kama kuna kilichobaki. Keshokutwa shule ingeliita darasa jipya kwa jina la baba yake, na yeye ndiye angeyasoma maisha yake mbele ya watu. Alitaka jambo moja tu: akishuka jukwaani, watu wawe wamemwona baba yule yule waliyemjua, na manyoya ya farasi kwenye suruali yake.

"Shangazi, mbona farasi hayumo?"

"Farasi hakusomea ualimu," alijibu shangazi, matroni mstaafu ambaye hata madaktari walikuwa wakimwogopa, akafunga miwani kwenye kasha. Kwa shangazi, miwani ikiingia kasha shauri limekwisha.

Lakini kumsimulia mtu yule bila farasi ni kushona shati bila kitambaa. Alianza kwa kufagia mabanda kwenye uwanja wa mbio za farasi. Akapewa kupanda, akashinda mbio mbili, kisha miguu ikaendelea kurefuka bila kumwomba ruhusa, ikawa akikaa juu ya farasi nyayo zinataka kukwangua ardhi. Wakamwondoa. Akaenda kwa polisi wa farasi kufundisha makuruta. Kuruta mmoja aliyeanguka mara kumi na saba katika wiki moja ndiye aliyekuja kuwa wa kwanza, na alipoulizwa siri alisema mwalimu hakumcheka hata siku moja. Kumbe mwalimu alimcheka sana, ila alikuwa akienda kuchekea nyuma ya banda. Hapo ndipo alipojua kwamba ualimu umo damuni, akaingia chuoni akiwa na miaka thelathini na mbili, wanachuo wenzake wakimwamkia kwa adabu wakidhani ndiye mkufunzi.

Shuleni alifika na farasi jike mzee, aliyestaafishwa na polisi kwa kosa la kuogopa filimbi. Kila jioni alimpanda akawapitia wanafunzi walioshindwa hesabu. Anashuka langoni, anampa farasi karoti, anafundisha nusu saa, anapanda tena. Farasi naye si mjinga. Muhula haukuisha, alikuwa amekariri kila lango lenye karoti, akawa anasimama mwenyewe.

Balaa likaanzia hapo, kwa sababu farasi yule hakujua kusahau. Mtoto angeweza kufaulu, akamaliza shule, akaoa, na bado farasi akasimama langoni kwake. Mtaa mzima ukisikia kwato ulishika pumzi. Zikinyamaza, majirani walichungulia madirishani: kumbe hata mtoto wa daktari! Wazazi wakampa farasi jina la Mkaguzi.

Siku ya harusi yake mwenyewe, mwalimu alitoka nyumbani saa tatu asubuhi kwa safari ya nusu saa. Njiani palikuwa na malango kumi na moja. Farasi alisimama kwenye yote, na bwana harusi angeweza kumhimiza apite, lakini aliona haya, maana watoto walikuwa wamekwisha kutoa madaftari. Alifika saa tisa, mikono ya suti ina wino. Wakwe walinuna. Bibi harusi alimwuliza swali moja tu, kama wameelewa.

Hayo yote shangazi aliyakataza. Alisema yatamfanya kaka yake kichekesho mbele ya watu wazima. Na shangazi ndiye aliyemlea binti tangu mama yake alipofariki, hivyo siku ilipofika binti alipanda jukwaani na karatasi ile ile.

Aliisoma yote. Mtu mmoja alipiga miayo bila hata kuziba mdomo. Mwalimu mkuu alitazama saa. Alipofika kwenye "akastaafu kwa heshima", aliona kwamba baba yule waliyemjua hakuwemo ukumbini. Akaikunja karatasi, asitazame mstari wa mbele alipoketi shangazi.

"Naomba kuuliza," alisema. "Farasi alisimama kwa nani?"

Fundi mwashi aliyelijenga darasa lenyewe akanyoosha mkono. Akafuata daktari, mtoto wa yule daktari. Mikono ikawa ishirini, ikawa arobaini, watu wanaoneshana vidole na kucheka, kila mmoja akishangaa kwamba hata fulani. Mwisho mkono mmoja ukainuka mstari wa mbele, taratibu, na kicheko kikakatika.

Shangazi alisimama, mkoba kifuani.

"Mimi nilirudia mwaka chuo cha uuguzi kwa kukosea vipimo vya dawa. Sehemu zilinishinda, moja juu ya tatu, moja juu ya nne. Kaka alikuja kila jioni mwaka mzima. Nikafaulu, nikawa matroni, na farasi yule akazidi kusimama langoni kwangu, hata nikiwa na wageni. Nilimwomba Mungu farasi yule afe."

Alisawazisha miwani.

"Wodini sikukosea kipimo hata kimoja. Na farasi alipokufa kweli, kaka akawa anapita kwa miguu. Akifika langoni anasimama. Siku moja nikamwuliza, sasa nimefeli nini tena? Akasema hakuna, amezoea tu."

Akaketi. Watu wakacheka, wengine wakijifuta macho, na binti alicheka huku analia pale jukwaani, maana baba yake alikuwa amefika.